Konea mpya inapokuwa safi lakini jicho halioni vizuri

BAADHI ya watu waliopandikizwa konea hushangaa kwamba, ingawa konea mpya ni safi kabisa, bado hawawezi kusoma gazeti. Wapo wanaodhani upasuaji umeshindikana na kuacha kuhudhuria kliniki, wakati tatizo huenda likawa ni umbo la konea tu, jambo linaloweza kurekebishwa.

Konea ni utando angavu ulio mbele ya jicho, wenye unene wa takriban nusu milimita katikati. Ndio unaofanya karibu theluthi mbili ya kazi ya kukusanya mwanga, hivyo mviringo wake unapaswa kuwa sawa pande zote. Ukipinda zaidi upande mmoja, mwanga haukutani mahali pamoja na picha huonekana na ukungu. Hali hiyo huitwa astigimatizimu.

Konea inapopandikizwa kwa unene wake wote, hushonwa kwa nyuzi za nailoni nyembamba kuliko unywele. Uzi uliokazwa kupita mwingine, au kidonda kisichopona kwa usawa, hutosha kupindisha umbo lake.

Hatua ya kwanza ni daktari kupima ramani ya konea na kutoa nyuzi zinazovuta. Kazi hiyo huanza baada ya miezi kadhaa, na kwa kawaida nyuzi zote hutolewa baada ya mwaka mmoja au zaidi. Kisha mgonjwa hujaribiwa miwani au lenzi ngumu za kuvaa jichoni.

Hayo yasipofaa, ndipo upasuaji hufikiriwa. Daktari anaweza kukata mikato midogo upande uliopinda zaidi ili ulegee, pengine akiongeza nyuzi upande mwingine. Wengine hutibiwa kwa leza, na mwenye mtoto wa jicho anaweza kuwekewa lenzi maalumu ndani ya jicho.

Hata hivyo, haraka haifai. Umbo la konea hubadilika tena nyuzi zinapotolewa, hivyo husubiriwa miezi kadhaa litulie. Aidha, mikato inaweza kurekebisha kupita kiasi au kutoboa konea, na mara nyingi miwani bado huhitajika.

Wakati wowote, jicho lililopandikizwa likiwa jekundu, likiuma, likiogopa mwanga au uoni ukipungua, mgonjwa anapaswa kuwahi hospitali siku hiyohiyo, kwani huenda mwili umeanza kuikataa konea.