Rafiki Yako Akilemewa na Wasiwasi: Utamsaidiaje?

Mazungumzo ya 9: Afya ya akili. Yasomwe polepole. Msomaji apumzike kidogo kila baada ya kichwa kidogo.

Kama mko kikundini, sogeeni karibu na redio. Kama unasoma kijitabu hiki peke yako, bandika chai yako, ukae, tuzungumze.

Tumekwisha kuzungumza juu ya chanjo, kuharisha na lishe ya mtoto. Leo tunazungumza juu ya ugonjwa ambao kipimajoto hakiuoni.

Tuchukulie una jirani. Tumwite Mama Neema, ingawa huenda kwenu ana jina lingine. Alijifungua miezi miwili iliyopita. Zamani alikuwa wa kwanza kufika chamani, na kicheko chake kilisikika hadi barabarani. Siku hizi mlango wake hufunguliwa saa nne. Chakula hakimwendi. Usiku anaamka kila mara kusikiliza kama mtoto anapumua. Wiki iliyopita alimpeleka mtoto kliniki mara tatu, na mara zote muuguzi akamwambia mtoto ni mzima. Majirani wanasema anaringa. Wengine wanasema amerogwa. Wewe ni rafiki yake. Utafanya nini?

Wasiwasi ni nini?

Kwanza tuelewe jambo moja. Wasiwasi si ujinga wala si uvivu. Ukikutana na nyoka njiani, mwili wako hujiandaa upesi kukimbia au kupigana. Moyo unadunda mbio, pumzi zinakuwa fupi, misuli inakaza, tumbo linasokota. Hiyo ni kinga, na imeokoa watu wengi. Nyoka akienda zake, mwili unatulia.

Kwa mtu aliyelemewa na wasiwasi, nyoka haendi. Nyoka huyo ni kodi ya nyumba, karo, mume aliyesimamishwa kazi, deni la dukani, au hofu kwamba mtoto atakufa akiwa amelala. Mwili unakesha kama askari wa zamu asiyekuja kupokewa. Ndiyo sababu rafiki yako anaumwa na kichwa na mgongo, hapati usingizi hata mtoto akilala, anasahau mambo, anakasirika kwa jambo dogo, na moyo unamdunda akiwa ameketi tu. Watu husema ana presha, au ana mawazo mengi.

Mama aliyejifungua anaweza kulia bila sababu siku ya tatu au ya nne. Hilo ni la kawaida, na kwa wengi huisha kabla ya wiki mbili. Lakini hali ikipita wiki mbili, au ikimzuia kula, kulala, kumhudumia mtoto na kufanya kazi zake, hapo anahitaji msaada.

Si yeye peke yake. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa katika nchi zinazoendelea, karibu wanawake 16 kati ya 100 hupata tatizo la afya ya akili wakati wa ujauzito, na karibu 20 kati ya 100 baada ya kujifungua. Tatizo kubwa ni huzuni inayolemea, na mara nyingi wasiwasi huandamana nayo. Kwa hiyo benchi la kliniki likiwa na akina mama 10 wenye watoto wachanga, huenda wawili kati yao wanabeba mzigo huu kimya kimya.

Jambo hili linamgusa mtoto pia. Mama aliyechoka akilini huona ugumu kunyonyesha, kucheza na mtoto na kukumbuka siku ya kliniki. Hatusemi haya ili kumlaumu. Tunayasema ili ujue kuwa ukimsaidia mama, umewasaidia wawili.

Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa huduma ya kwanza kwa mtu aliyefadhaika. Mwongozo huo una mambo matatu ambayo hata mtu asiye daktari anaweza kuyafanya: tazama, sikiliza, unganisha. Tuyachukue moja baada ya jingine.

Tazama

Chagua wakati na mahali. Usimwulize mbele ya mama mkwe wake, wala chamani watu wakisikia. Mfuate mkiwa wawili, pengine mkichambua sukuma wiki au mkianua nguo. Mikono ikiwa kazini, mdomo hufunguka kwa urahisi.

Anza na ulichokiona kwa macho yako, si ulichosikia kwa watu. Sema hivi: "Mama Neema, naona siku hizi huji chamani, na macho yako yamechoka. Leo nimekuja kukuona wewe, si mtoto. Uko vipi kweli?"

Huenda akajibu, "Niko sawa tu." Usimsukume. Mwambie, "Haya. Nitapita tena Alhamisi." Kisha Alhamisi upite. Mtu mwenye wasiwasi amezoea kuahidiwa na kusahauliwa. Ukirudi siku uliyosema, umekwisha kumsaidia hata kabla hajasema neno.

Sikiliza

Akianza kusema, kazi yako ni moja: nyamaza umsikilize. Kuna maneno tunayotoa kwa nia njema, lakini humfunga mwenzetu mdomo. "Jikaze." "Wewe si wa kwanza kuzaa." "Kuna wenye shida kuliko zako." "Mimi yangu yalikuwa mabaya zaidi." Hata "Omba tu, yatapita." Maombi ni mema, na kwa wengi ni nguvu kubwa. Lakini neno hilo likitolewa ili mazungumzo yaishe, mwenzako anaelewa kuwa hutaki kusikia zaidi.

Afadhali useme: "Pole. Hilo ni zito." Au, "Endelea, ninakusikia." Akilia, mwache alie. Akinyamaza, nyamaza naye. Na yale aliyokuambia yasifike chamani. Siri yake ni yake, isipokuwa maisha yake au ya mtoto yakiwa hatarini. Tutalirudia hilo.

Sasa niwaeleze kisa cha kweli kutoka Zimbabwe. Nchi hiyo ilikuwa na madaktari wachache mno wa magonjwa ya akili. Mwaka 2006 daktari mmoja wao, Dixon Chibanda, alianza kufanya kazi na akina nyanya wa mtaani, mjini Harare. Walifundishwa kusikiliza, na wakakaa na wagonjwa kwenye mabenchi ya mbao katika uwanja wa kliniki. Watu wa huko wana neno lao la Kishona kwa hali hii, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa baada ya miezi sita, waliozungumza na wahudumu hao wa kawaida walikuwa na dalili chache kuliko waliopata huduma ya kawaida peke yake.

Walifanya nini pale kwenye benchi? Kwanza, mgonjwa alitaja shida zake zote. Pili, alichagua shida moja inayoweza kushughulikiwa. Tatu, walitafuta pamoja hatua moja ndogo ya kuanza. Mgonjwa mwenyewe ndiye aliyechagua.

Wewe hukupata mafunzo ya nyanya hao, lakini wazo lao unaweza kuliazima. Mama Neema ataje yote: deni la dukani, mume yuko mbali na hapigi simu, hapati usingizi, na anaogopa mtoto atakufa kwa sababu dada yake alifiwa na mtoto mchanga. Yote hayo hayatamalizika leo. Mwulize, "Tukianza na moja, unaona tuanze na lipi?" Tuseme amechagua usingizi. Basi kubalianeni kuwa Jumanne na Ijumaa, kuanzia saa nane hadi saa kumi mchana, wewe utamshika mtoto naye alale. Ni jambo dogo, lakini linafanyika.

Angalia pia unavyotoa msaada. Tukisema "Ukihitaji kitu uniambie," tumemwongezea kazi, kwa maana sasa ni lazima afikiri aombe nini na apate ujasiri wa kuomba. Sema wazi: "Kesho asubuhi nitakuletea mitungi miwili ya maji, na nepi nitazifua mimi."

Moyo ukimdunda ghafla na pumzi zikikatika, kaa naye. Mwambie avute pumzi polepole kwa pua mkihesabu hadi nne, kisha aitoe kwa mdomo mkihesabu hadi sita. Rudieni kwa dakika chache. Fanya pamoja naye, usimwamrishe. Mshauri apunguze kahawa na chai ya rangi jioni, kwa sababu huongeza mdundo wa moyo na kufukuza usingizi. Pombe na miraa zisiwe dawa yake, kwani huzidisha tatizo. Wala usimpe vidonge vya usingizi vya mtu mwingine, hasa anaponyonyesha.

Unganisha

Wewe ni rafiki, si kliniki. Hali ikipita wiki mbili, mfikishe kwa mhudumu wa afya. Moyo kudunda na uchovu vinaweza pia kuletwa na upungufu wa damu, au tezi ya shingoni inayofanya kazi kupita kiasi. Kwa hiyo apimwe.

Njia rahisi ni siku ya chanjo ya mtoto, ile ya wiki ya 6, ya 10 au ya 14. Nendeni pamoja. Wewe shika mtoto na kitabu chake, yeye azungumze na muuguzi. Akishindwa kuanza, mwanzishie kwa ruhusa yake: "Dada, mama huyu hajalala vizuri kwa wiki tano, na chakula hakimwendi." Muuguzi atajua pa kuanzia. Matibabu yapo. Kuna ushauri nasaha, na kuna dawa ambazo daktari anaweza kumchagulia hata akiwa ananyonyesha. Mhudumu wa afya ya jamii anayezunguka kijijini kwenu naye anaweza kuwaelekeza.

Kama chanzo ni kupigwa nyumbani, usimkabili mume peke yako. Unaweza kuwatia nyote wawili hatarini. Namba 1195 ni ya bure, na inasaidia waliodhulumiwa majumbani.

Usipitishe siku

Sasa nisikilizeni kwa makini. Rafiki akisema "Heri nisingekuwepo," au "Mtoto angekuwa salama bila mimi," usibadilishe mazungumzo. Mwulize wazi: "Je, unafikiria kujiua?" Wengi huogopa kuwa swali hilo litamtia wazo kichwani. Sivyo. Kuulizwa kwa upole humpa nafasi ya kutua mzigo.

Akisema ndiyo, usimwache peke yake hata kidogo. Ondoa dawa za kunyunyizia mimea na za mifugo, vidonge na kamba. Tafuta mtu wa kumshika mtoto, na mwende hospitali siku hiyo hiyo. Hapa ndipo siri inapovunjwa. Mwambie, "Nitamwambia mtu wa kutusaidia, kwa sababu nakutaka uwe hai." Msalaba Mwekundu wa Kenya una namba 1199, ya bure, ya kupata ushauri.

Wengine walificha jambo hili kwa kuogopa polisi, kwa sababu sheria yetu ilihesabu kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kuwa kifungu hicho cha 226 kinakwenda kinyume na Katiba. Mtu huyu ni mgonjwa, apelekwe hospitali.

Vivyo hivyo, mama aliyejifungua karibuni akisikia sauti wasizosikia wengine, akikesha bila kuhisi uchovu, au akisema mtoto si wake au ni shetani, hiyo ni dharura. Kimbilieni hospitali usiku huo huo, na asiachwe peke yake na mtoto.

Na wewe je?

Mzigo wa mwenzio nao huchosha. Usiubebe peke yako. Kwa ruhusa yake, tafuta mwingine mmoja au wawili mgawane siku: huyu maji, huyu mtoto, huyu kliniki. Lala, kula, na useme "Leo siwezi, nitakuja kesho" bila haya. Wala usitarajie apone kwa wiki moja. Atakuwa na siku njema, kisha siku mbaya. Siku mbaya ikija usimkemee ukisema, "Si ulikuwa umepona?" Endelea kupita Alhamisi.

Kumbuka:
- Anza na ulichokiona, mkiwa wawili.
- Sikiliza kuliko unavyosema.
- Chagueni shida moja na hatua moja ndogo.
- Toa msaada unaotajika kwa jina na siku.
- Wiki mbili zikipita, kliniki. Akitaja kufa, hospitali leo.

Maswali ya kikundi:
1. Ni maneno gani tunayowaambia wenye wasiwasi hapa kwetu? Yapi yanasaidia, yapi yanafunga mdomo?
2. Nani amekosa kuja kikundini mara mbili zilizopita? Nani atapita kwake wiki hii, siku gani?

Swali la pili msilijibu kwa mdomo tu. Ni mimi mwenzenu, hadi kipindi kijacho. Kwaherini.