Mwana Akilelewa Ugenini

Je, msomaji, ukimpeleka mwanao akalelewe kwa shangazi yake, atarudi akiwa bado wako? Ubishi kama huo huzuka miongoni mwa vijana kila kampuni inapokabidhi mchezo wake wa video wa miaka mingi kwa mafundi wa nje.

Chukua Metroid, ambao Nintendo ya Japani iliuanzisha mwaka wa 1986. Baada ya toleo la 1994, kimya kilitanda miaka minane. Kisha kazi ikapewa Retro Studios ya Texas, Marekani, kampuni ambayo haikuwa imetoa mchezo hata mmoja! Mashabiki walinung'unika, hasa waliposikia kwamba sasa mchezaji angeona kwa macho ya shujaa mwenyewe, Samus, badala ya kumtazama kutoka ubavuni. Metroid Prime ilipotoka mwaka wa 2002, wengi walifyata ulimi.

Usidhani kila mgeni ni baraka. Other M ya 2010, iliyoundwa pamoja na Team Ninja, ilizua malalamiko tele. Samus, mwanamke jasiri, alionyeshwa akingoja ruhusa ya mwanamume ndipo atumie silaha zake. Lakini aliyeandika hadithi hiyo ni Yoshio Sakamoto, mtu wa Nintendo wa tangu zamani. Kosa lilizaliwa nyumbani, si kwa shangazi.

Kwa maoni yangu, wageni wapewe kazi, mradi mwenye mali asilale. Prime 4 ilipokwenda mrama mikononi mwa wengine, Nintendo ilitangaza Januari 2019 kwamba inaanza upya, ikairudisha kwa Retro. Vijana wakangoja hadi Desemba 2025.