Apple na Wasambazaji wa Vichakataji Vyake
Tarehe 6 Juni 2005, Steve Jobs alitangaza kuwa kompyuta za Mac zingeachana na vichakataji vya PowerPC na kuanza kutumia vya Intel. Hoja yake kuu ilikuwa uwezo wa kichakataji kwa kila wati ya umeme, jambo lenye uzito mkubwa katika kompyuta mpakato. Msambazaji alibadilika, utegemezi ukabaki: Intel ilipochelewa kwa miaka kadhaa kukamilisha teknolojia yake ya nanomita 10, wanunuzi wake walilazimika kungoja.

Mwaka 2008 Apple ilinunua P.A. Semi, kampuni ndogo ya usanifu wa chipu. Chipu za iPhone zilitangulia. Novemba 2020 ikafuata M1 ya Mac. Hapa ndipo uhusiano ulipogeuka hasa, kwani sasa Apple husanifu na TSMC ya Taiwani hutengeneza. Kusema kwamba Apple imejitegemea ni kutia chumvi. Utegemezi umehamia kiwandani.

Gharama ya mageuzi hayo humwangukia pia mtumiaji wa mbali. Mwaka 2025 Apple ilitangaza kuwa macOS Tahoe ndilo toleo la mwisho kwa Mac za Intel. Mkazi wa Songea aliyenunua Mac ya aina hiyo ikiwa imekwishatumika ana mashine nzima, ila masasisho yake ya usalama yana kikomo.