Kuipima Spea Kabla ya Kuifunga

Mwenye gari aliyeko Nemba, upande huu wa Kagera ambako malori ya Rwanda na Burundi hupita Lusahunga yakielekea Rusumo na Kabanga, aghalabu huagiza spea za injini Dar es Salaam, katika maduka ya Kariakoo na Gerezani, na mzigo humfikia baada ya safari ya zaidi ya kilomita 1,000. Kwa hiyo kosa ambalo mkaaji wa Ilala angelisahihisha kabla ya adhuhuri, kwake yeye ni taklifu ya siku kadhaa na nauli mara mbili, na huenda likawa hasara ya injini nzima iwapo halikubainika ila baada ya gari kuwashwa. Fundi wa huku, basi, ana wajibu wa kupima uliozidi ule wa mwenzake wa mjini.

Tuzitazame injini za dizeli za Toyota Hiace, ambazo zimewachukua abiria wa nchi hii kwa miaka mingi. Ile ya 3L na ile ya 5L zafanana mno, na mwendo wa pistoni katika zote mbili ni milimita 96. Lakini kipenyo cha silinda ya 3L ni milimita 96, na cha 5L ni milimita 99.5. Anayeagiza pistoni za Hiace pasipo kutaja namba iliyopigwa kwenye bloku amejitia katika bahati nasibu. Wala haitoshi kupeleka spea kuukuu iwe kielelezo, kama ilivyo desturi ya wengi, kwa kuwa yamkini nayo iliwekwa kimakosa na fundi aliyetangulia, au ilifaa silinda ya jana isifae silinda iliyochongwa leo, inayotaka pistoni iliyozidi kwa milimita 0.50. Shahidi mwadilifu ni injini yenyewe, nayo haina budi kupimwa.

Ringi za pistoni ndizo zinazostahili saburi kuliko spea nyingine zote. Kila ringi itiwe peke yake katika silinda itakamokaa, isukumwe kwa pistoni iliyopinduliwa ili ilale sawasawa, kisha mwanya uliopo baina ya ncha zake mbili upimwe kwa fila geji. Kwa silinda ya milimita 100, mwanya wa milimita 0.3 hadi 0.4 ni wa kawaida katika injini nyingi, ingawa hukumu ya mwisho ni ya kitabu cha mtengenezaji. Ukiwa mdogo mno, chuma kitanukapo kwa joto ncha hugongana, na ringi hukwaruza ukuta wa silinda au huvunjika. Ukizidi, moto wa mwako huvuja kuingia kwenye oili, na oili nayo hupanda kuungua, gari likatoa moshi wa buluu na kuishiwa nguvu mlimani. Herufi iliyochongwa karibu na ncha sharti ielekee juu.

Gasketi ya hedi ilazwe juu ya bloku, matundu ya maji na ya oili yakaguliwe moja moja, na unene wake ulinganishwe na ule wa kitabu cha mtengenezaji. Themostati hupimwa jikoni: ining'inizwe kwa uzi katika sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, nayo ianze kufunguka karibu na nyuzi zilizopigwa chapa juu yake, mathalani 82. Kwenye miinuko ya Kagera maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100, kwa hiyo macho yawe kwenye kipimajoto, si kwenye mapovu.

Kuna na spea za bandia, zilizofungwa katika maboksi mazuri. Sheria ya Alama za Bidhaa ya 1963 huzikataza, na Tume ya Ushindani ndiyo yenye kuisimamia. Lakini mlalamikaji asiye na ithibati hana madai. Mnunuzi na adai risiti yenye namba ya spea na namba ya injini, ahifadhi boksi, na apime kila kitu kingali kikavu, maana spea iliyokwisha kuguswa na oili wauzaji wengi hawaipokei tena.