Je, Wajua? Jezi Ndiyo Hutangulia

Mwanamke aliye kwenye mbio za baiskeli akibanwa na haja ndogo, mara nyingi huanza kwa kuvua jezi. Ndiyo, jezi! Bukta ya mbio ina mikanda inayopita mabegani, chini ya jezi. Mikanda isipotoka, bukta haishuki. Mvua ikinyesha na nguo zikamganda mwilini, hiyo ni kazi nzima. Wazoefu huvuta mguu mmoja wa bukta pembeni, wakachuchumaa.

Wanaume wengine humalizana na shida hiyo juu ya baiskeli, mwenzao akiwasukuma mgongoni wasipoteze mwendo. Mwanamke hana budi kushuka.

Na njia si fupi. Mwaka 2023, hatua ya nne ya Tour de France ya wanawake, kutoka Cahors hadi Rodez, ilikuwa kilomita 177.

Siku hizi zipo bukta zenye zipu nyuma, na nyingine zenye ukanda mmoja wa kuvutika shingoni. Unachimba dawa, jezi iko palepale.

Ila chagua kichaka vizuri: kwenye mbio rasmi, anayejisaidia mbele ya watazamaji hupigwa faini, awe mwanamume au mwanamke.