Wanakwenda au wanarudi? Mchoro uliozua ubishi Ulaya

Watu wa pwani hatuhitaji kufunzwa kutofautisha chombo kinachopakia abiria na chombo kinachoshusha. Ndiyo sababu leo nataka tuutazame mchoro mmoja wa Kifaransa ambao wataalamu wameubishania sana: je, watu waliomo wanakwenda kisiwani, au wanakiaga kisiwa warudi kwao?

Mchoro huo uko katika jumba la makumbusho la Louvre, Paris. Aliuchora Antoine Watteau, akaukabidhi Chuo cha Kifalme cha Uchoraji mwaka 1717. Chuo kilikuwa kimempokea tangu 1712 kwa sharti la kuleta kazi ya kuthibitisha ufundi wake. Ilimchukua miaka mitano.

Jina lake ni Ziara ya Kisiwa cha Cythera. Kisiwa chenyewe kipo kweli, kusini mwa Ugiriki. Katika ngano za Wagiriki wa kale, huko ndiko alikofika Aphrodite, mungu wao wa kike wa mapenzi, baada ya kuzaliwa katika povu la bahari. Warumi walimwita Venus. Waama, mimi na wewe hatuna imani hiyo, lakini asiyeijua ngano hataelewa kilichochorwa.

Sasa tuusome mchoro kutoka kulia kwenda kushoto, kama tusomavyo Kiarabu. Upande wa kulia, chini ya miti, pana sanamu ya Venus iliyovishwa maua ya waridi. Karibu nayo wameketi mume na mke. Mwanamume ananong'ona, mwanamke ameinamia kipepeo chake. Wa pili wanainuka, mwanamume akimvuta mwenziwe kwa mikono miwili. Wa tatu wamekwisha simama, mwanamume ana bakora ya msafiri na amemshika mwenziwe kiuno. Yule mwanamke amegeuza shingo anatazama nyuma. Kushoto, bondeni, wengine wanaelekea kwenye chombo cha dhahabu, na vitoto vyenye mbawa vinaruka juu yake. Mbele zaidi ni maji na milima ndani ya ukungu.

Huu ndio mtindo wa Rokoko ulipokuwa unachipuka. Mfalme Louis wa 14 alikufa mwaka 1715, na wakubwa wakachoka na fahari nzito ya enzi yake. Wakataka rangi nyororo, bustani na starehe. Chuo chenyewe hakikujua kiuweke wapi mchoro huu. Katika daftari lake jina la kwanza likakatwa, pakaandikwa kuwa ni tafrija ya waungwana.

Kwa muda mrefu watu walisema wanaondoka kwenda Cythera. Mwaka 1961 mtaalamu Mwingereza, Michael Levey, akapinga. Hoja yake nyepesi: sanamu ya Venus ipo hapo hapo, imekwisha pambwa, na kila mtu ana mwenzake. Basi wamekwisha fika, na sasa wanaondoka.

Kauli yangu iko upande wa Levey, na shahidi wangu ni yule mwanamke. Anayekwenda kwenye raha hutazama chombo. Anayegeuka nyuma ana kitu anachokiacha. Ukiona hivyo, mchoro hauwi tena wa anasa tupu: ni wa saa ile raha inapokwisha, na jua linapotua.

Watteau alifariki mwaka 1721 kwa kifua kikuu, akiwa na umri wa miaka 36. Baadaye, wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa, kazi yake ilidharauliwa kuwa ni upuuzi wa matajiri, na inasimuliwa kuwa wanafunzi wa uchoraji waliupiga mchoro huu kwa vidonge vya mkate. Hao waliona nguo za hariri wakakomea hapo.

Msomaji wangu, utafute mchoro huu kwenye simu yako, uukuze, umtazame yule mwanamke. Kisha uniambie: chombo kile kinang'oa nanga kwenda wapi?