Mfanyabiashara, Soma Ilani Mapema

Tarehe 28 Agosti 2017, marufuku ya mifuko ya plastiki ilianza kutekelezwa nchini. Aliyepatikana na hatia alikabiliwa na faini ya hadi shilingi milioni 4, kifungo cha hadi miaka 4, au vyote viwili. Wengi huikumbuka kama hatua ya ghafla. Haikuwa. Ilani ilikuwa imechapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali mwezi Machi, zaidi ya miezi mitano kabla.

Muuzaji wa jumla aliyeisoma alipata muda wa kumaliza mzigo uliokuwa ghalani, kuacha kuagiza mwingine na kutafuta mafundi cherehani au wasukaji wa vyondo. Aliyengoja alibaki na mali asiyoweza kuiuza.

Kubadilisha bidhaa pekee hakukutosha, lakini. Waliokimbilia mifuko ile laini mithili ya kitambaa walijikuta tena mashakani mwaka wa 2019, NEMA ilipotangaza kuipiga marufuku kwa sababu ya ubora duni. Bei rahisi iliwavutia; uimara hawakuuangalia.

Ada za leseni za biashara katika kaunti nazo hubadilishwa kupitia Mswada wa Fedha, na wakazi hualikwa kutoa maoni kabla ya bunge la kaunti kuupitisha. Ukiona tangazo la kikao, fika na hesabu zako: unauza kiasi gani kwa mwezi, unalipia kibanda pesa ngapi, na ada inayopendekezwa itakuachia nini.